Msiba wa Kipimo cha Vumbi

Haya yalitokea, na wenye nchi yao wakiwaambia hayakutokea, waitikieni tu "ndiyo", kisha mkae mnisikilize. Nchi yenyewe iko mbali na hapa, kwa hiyo msianze kutazamana. Ina rais, ina bendera, ina wimbo wa taifa ambao ubeti wake wa mwisho kila mtu huuimba kwa kuchezesha midomo, na huko juu kaskazini ina mkoa wenye kiwanda cha saruji. Wenyewe wanaiita Jamhuri ya Mbelembele. Ikitokea wamerudi nyuma, huwa wanageuza ramani kwanza.

Katika Jamhuri hiyo aliishi msomi mmoja, Dokta Teofili Mbangusa. Udaktari wake ulikuwa wa itifaki. Alijua nani akae kushoto kwa nani, makofi yaanze lini na yakome lini, na waziri akipiga chafya mbele ya balozi ni nani aombe radhi. Alikuwa mtu mpole, mwoga kidogo, na tamaa yake ilikuwa moja tu: awe Mkaguzi Mkuu wa Mazingira. Cheo hicho kina gari, kina mtu wa kufungua mlango wa gari, na kina mtu wa kumwangalia yule anayefungua mlango. Njia ya kukifikia ilikuwa moja nayo. Ilimpasa kwanza akamilishe Ukaguzi Huru wa mkoa wa kaskazini.

Msidhani ni kazi ndogo. Waliotangulia wote walishindwa, si kwa uvivu, bali kwa kukosa uhuru. Mmoja aliondolewa kwa kuwa binamu yake aliwahi kuuza mbuzi mkoani humo. Mwingine alibainika kuwa amesomea mazingira, hivyo akaenda huko akiwa tayari na mawazo. Wa tatu alivuta hewa ya kaskazini kabla hajaapishwa. Serikali ikachoka na upendeleo huu, ikatunga sheria kwamba mkaguzi huru asiijue kazi, asiijue sehemu, na asiwe na mtu wake hata mmoja kule.

Kazi Dokta Teofili hakuijua, hilo halikuwa na ubishi. Kasoro ilikuwa kwa mama yake. Mama yake mzazi, aliyembeba mgongoni na kumsomesha kwa kuuza maziwa, alikuwa hai na anaishi Ndungulwe, kijiji kilichopakana na ukuta wa kiwanda.

Siku ya kiapo jaji alimtazama juu ya miwani. "Dokta, una mama?"

"Hayupo, Mheshimiwa Jaji."

"Hayupo kaskazini, au hayupo duniani?"

Dokta alijibu, "Duniani."

"Hapo sasa pana tatizo," jaji akasema kwa huruma. "Marehemu naye ni ndugu. Mama akishakufa anaacha kaburi, na kaburi ni maslahi. Mtu mwenye kaburi mahali hawezi kupakagua kwa haki. Hebu fikiri vizuri. Hayupo, au hakuwahi kuwepo?"

Dokta aliwaza gari, akamwaza mtu wa kufungua mlango, akamwaza na yule wa kumwangalia. Kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma kwamba hakuwahi kuwa na mama.

Jaji alisimama kumpa mkono. "Taifa limekutafuta muda mrefu, kijana. Mtu asiyezaliwa na mtu, huyo ndiye mkaguzi." Magazeti yaliandika hivyo hivyo ukurasa wa mbele, na picha yake ilitoka vizuri.

Huko kaskazini habari zilifika mapema. Mkuu wa Mkoa alikuwa Mheshimiwa Domitila Kihongoza, mama wa shoka, mwenye sauti ya kuamsha kijiji na mikono hodari ya kufuma vitambaa. Aliijua siri ya Dokta, na hakumlaumu. Kilichomkosesha raha ni jina la yule mama. Kama mjuavyo, mwanamke akishazaa huitwa kwa mwanawe, na hivyo kijiji kizima, tangu mwenyekiti hadi muuza mkaa, kilimwita Mama Teofili. Mkaguzi asiye na mama angefikaje mahali ambapo jina lake linaitwa kila kukicha kisimani?

Mkuu wa Mkoa akatoa amri. Kwa muda wote wa ukaguzi, bibi huyo aitwe Mama Fulani. Atakayekosea atatozwa kuku.

Wanakijiji walijitahidi. Walikuwa wameshazoea amri. Kabla ya hapo walikuwa wamekatazwa kuanika nguo nje, maana shuka nyeupe ya saruji ilikuwa ikizishukia na kuonyesha picha mbaya ya mkoa. Vumbi lile lilikaa juu ya mabati, juu ya migomba, juu ya ng'ombe, juu ya ugali kabla hujafikisha tonge mdomoni. Kuku wa Ndungulwe wote walikuwa weupe, na afisa mifugo alikuwa ameshawasajili kama aina mpya. Watu walikohoa. Watoto walizaliwa wakalia, wakamaliza kulia wakakohoa.

Ndipo ikaja amri ya pili, nayo ilisomwa kwa kipaza sauti: kukohoa mbele ya mkaguzi ni kumshawishi mkaguzi. Mwenye kikohozi akikohoe mapema, au asubiri wageni waondoke.

Sasa niwaeleze habari za Kipimo, maana bila hicho hamtaelewa msiba.

Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wameupa mkoa mashine ya kupima vumbi hewani, nzuri, inang'aa, ina vitaa vya kijani. Mafundi wao waliifunga juu ya nguzo pale Ndungulwe, wakapiga picha, wakaondoka. Mheshimiwa Domitila alipopita kesho yake akaikuta ina vumbi. Alihuzunika kikweli. "Kitu cha thamani hivi kinaachwa nje kama jembe? Wageni wakirudi watatuonaje?" Akaagiza ishushwe. Akaifuta mwenyewe kwa mkono wake, akaipeleka nyumbani kwake juu kilimani, akaiweka sebuleni ndani ya kabati la vyombo, katikati ya glasi za wageni na chupa ya chai iliyokuwa bado na karatasi yake ya dukani. Juu yake akaitandikia kitambaa alichokifuma mwenyewe, cha maua ya waridi na pindo la njano.

Humo kabatini Kipimo kilifanya kazi kwa uaminifu mwaka baada ya mwaka. Kilipima sebule ya Mkuu wa Mkoa, na kila mwezi majibu yalipelekwa makao makuu. Hewa ya kaskazini ikatangazwa kuwa safi kuliko ya nchi zote jirani. Ni siku za sikukuu tu ndipo namba zilipopanda kidogo, na taarifa ilieleza chanzo bila kuficha: vitumbua.

Mkijisikia kucheka, mcheke. Ila mjiulize ile seti ya vikombe iliyoko kabatini kwenu aliinywea nani mara ya mwisho.

Dokta Teofili aliwasili akiwa amefungwa macho kwa kitambaa cha hariri, asije akaona kitu ambacho hakijawasilishwa rasmi. Alifunguliwa sebuleni kwa Mkuu wa Mkoa, akaonyeshwa Kipimo. Alikikagua kwa makini. Aliuliza kitambaa kinafuliwa mara ngapi, akajibiwa kila Jumamosi, akaandika kwamba kiwango cha utunzaji kinaridhisha kupita matarajio.

"Hata hivyo, Mheshimiwa," alisema, "sheria inataka mkaguzi afike kwa mwananchi mmoja."

"Tumeshakuchagulia," alisema Mkuu wa Mkoa. "Bibi mzee kuliko wote Ndungulwe. Akikuona wewe, na wewe ukimwona amefika umri ule, ndiyo ushahidi kwamba hewa inalea. Na Kipimo tutakwenda nacho. Mgeni anastahili kuonyeshwa kitu kikifanya kazi."

Dokta alijua ni bibi gani. Mkuu wa Mkoa alijua kwamba anajua, na alimkazia macho ili naye ajue hivyo.

Kijiji kizima kilijipanga kando ya njia, midomo imefumbwa, mashavu yamejaa pumzi. Walipiga makofi bila kufungua vinywa. Dokta alipita katikati yao, akawaona watu waliomrushia mawe ya mchezo utotoni na kumpa ndizi akitoka shule, na kila aliyemtazama aliinamisha kichwa na kumwita Mheshimiwa. Saruji iliingia kwenye viatu vyake vyeusi. Mlangoni kwa mama yake alisimama kidogo, maana alikuwa amesahau kwamba mlango ule ni mfupi.

Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alikuwa amekonda, amekuwa mdogo, na nyusi zake zilikuwa nyeupe, si kwa uzee peke yake.

"Karibu mgeni," alisema.

"Asante, ma..." Mkuu wa Mkoa akakohoa kikohozi cha amri, ambacho kiliruhusiwa. "Asante, mwananchi," Dokta akamalizia.

Na hili ndilo linaloniudhi mpaka leo. Katika nchi ile mwanamke yeyote aliyekuzidi umri unamwita mama. Utamwita mama muuza vitumbua, utamwita mama mke wa bosi wako. Dereva alisema "shikamoo mama", mpiga picha naye vile vile, hata askari aliyebeba Kipimo aliuliza, "Mama, niweke wapi?" Mtu mmoja tu mle ndani ndiye aliyezuiwa.

Chai ililetwa kwenye vikombe vya kabatini, vile ambavyo Teofili akiwa mdogo alichapwa kwa kuvigusa. Alikunywa. Ilikuwa na sukari vijiko vingi, kama alivyoipenda zamani, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kisha akafungua maswali yaliyotayarishwa na wizara.

"Umeishi hapa tangu lini?"

"Tangu nilipoolewa, Mheshimiwa."

"Una watoto?"

Bibi aliweka mikono juu ya magoti. "Nilibahatika mmoja."

"Yuko wapi?"

"Alisoma."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Ni jibu la kawaida kule.

Bibi alikuwa anapigana na kifua chake. Kila mtu aliona. Kikohozi kilipanda, mshipa wa shingo ukasimama, macho yakajaa maji, na yeye akakimeza. Kikapanda tena, akakimeza tena. Alishika ukingo wa meza hadi vidole vikapauka. Teofili alikumbuka usiku wa surua, alipokuwa anakohoa yeye na mama huyu anamsugua mgongo, na mkono wake wa kulia ulinyanyuka kutoka kwenye karatasi. Mpiga picha akainua kamera. Mkono ukarudi kushika kalamu.

"Swali la mwisho. Je, kuna jambo lolote ungependa kuishauri serikali?"

Bibi aliinama mbele, sauti imebaki nyembamba. "Sikuombi makubwa, Mheshimiwa. Mimi usinitaje. Litaje vumbi tu. Andika kwamba lipo. Waweke vichujio kwenye lile dohani la kiwanda, watoto wa hapa wapone. Mimi usinitaje popote, sitakasirika."

Dokta alifungua mdomo. Mtu aliyesimama karibu naye angeapa kwamba alikuwa anataka kusema ndiyo. Lakini uani palipigwa kelele, wote wakatoka mbio.

Kipimo kilikuwa kimewekwa juu ya kigoda, kimevuliwa kitambaa chake, kikawashwa. Maskini, kilikuwa hakijatoka nje tangu ujana. Vitaa vya kijani vikawa vya njano, vya njano vikawa vyekundu. Kikavuta pumzi moja ya Ndungulwe, kikatetemeka, kikatoa sauti ya kukwaruza, kikatema unga kidogo wa kijivu na kuzimika. Mafundi walikipuliza, wakakitikisa, wakakimwagia maji. Kilikuwa kimekufa.

Mheshimiwa Domitila alipiga yowe. "Kwangu kimekaa miaka yote hakijaumwa hata mafua! Mmekifanya nini kipimo changu, nyie watu?"

Na hapo hapo, kwa kuwa mkaguzi alikuwa ametoka nje na macho yote yako kigodani, ndani ya nyumba kikohozi kilipata nafasi yake. Kilitoka chote, cha siku ile na cha miaka iliyopita. Dokta alikisikia. Alisimama uani akiangalia mashine iliyokufa, akasikiliza kikohozi cha mama yake hadi kilipopungua na kunyamaza, kisha akapanda gari.

Taarifa aliiandika katika nyumba ya wageni ya serikali, mbele ya sahani ya kuku. Nawaambieni ukweli, alijaribu. Aliandika neno vumbi. Akalitazama. Aliandika "vumbi lipo", akaona sentensi hiyo, fupi vile, ina ukali wa mtu mwenye mama. Angeulizwa amejuaje. Angeulizwa nani amemwambia, na kwa nini amemwamini. Akaikata, akaandika "hali ya weupe", akaikata na hiyo. Mwishowe maneno yalikuja yenyewe, laini, kwa itifaki: kwamba Kiwanda kinastahili cheti cha usafi, kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu za miaka yote hewa ya mkoa ni salama, na kwamba kijiji cha Ndungulwe kimethibitika kuwa hatari kwa vifaa vya serikali, hivyo wakazi wake wahamishwe ili ufuatiliaji wa mazingira uendelee bila bughudha.

Aliposaini tu, mhudumu akaingia na habari mbili. Wizara imeipokea taarifa kwa furaha hata kabla haijatumwa, uteuzi wake utatangazwa keshokutwa. Na bibi mmoja wa Ndungulwe, yule wa chai, amefariki.

"Bibi gani?" aliuliza Dokta.

"Mama Fulani," mhudumu akasema.

Serikali haikukaa kimya katika msiba ule. Bendera zilishushwa nusu mlingoti mkoa mzima. Bendi ya polisi iliitwa, viti vya plastiki vikapangwa uwanjani, shule zikafungwa. Katikati ya uwanja, chini ya turubai, juu ya meza yenye maua, lilikaa sanduku la mninga lenye vipini vya shaba, na ndani yake, kikiwa kimefunikwa kitambaa cha waridi chenye pindo la njano, alilala Kipimo. Nimesema "alilala" kwa makusudi, maana ndivyo risala ilivyosomwa. Walisema alikuwa mtumishi mwadilifu. Walisema hakuwahi kudai likizo wala kutoa majibu ya kuudhi. Kaburi lake lilikuwa limechimbwa kando ya ofisi ya mkoa na kujengewa kwa saruji iliyotolewa bure na Kiwanda.

Makaburi ya Ndungulwe yako ng'ambo ya bonde. Kutoka uwanjani waliweza kuonekana watu wachache kule wamesimama kuzunguka shimo, weupe wote. Walikuwa wamesimama muda mrefu bila kufanya kitu.

Dokta Teofili, Mkaguzi Mkuu mteule, alikaa safu ya mbele, kushoto kwa Mkuu wa Mkoa, mahali pake sahihi. Alivumilia wimbo wa taifa. Alivumilia risala. Mchungaji aliposema "alitulea, alituvumilia, na sisi hatukumjali", uvumilivu ukamwishia. Alilia. Alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, akaanguka magoti mbele ya sanduku na kulikumbatia. Umati ulishangaa. Watu wazima wakaanza kufuta macho. Mheshimiwa Domitila alimshika bega, na yeye mwenyewe machozi yalimlengalenga.

"Hii ndiyo ninayoita uzalendo," aliwaambia waandishi wa habari. "Mwandike. Kijana hana mama, lakini mwoneni anavyolilia mali ya umma."

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa anapenya katikati ya viti. Alikuwa Mama Sikujua, jirani wa yule marehemu wa ng'ambo ya bonde, amejifunga khanga kiunoni, miguu imepauka kwa saruji na kwa mwendo. Askari walimwacha wakidhani ni mfiwa. Alichuchumaa karibu na Dokta, akamwekea mkono mgongoni.

"Afadhali unalia, baba," alinong'ona. "Niliwaambia atalia, atakuja. Wengine walibisha. Haya, nyanyuka twende. Tumeshindwa kumshusha. Wewe ndiye mwanawe wa pekee, udongo wa kwanza ni wa mkono wako. Tumesimama tangu asubuhi tunakungoja, na jua ni kali."

Vipaza sauti vilikuwa vimesogea. Kamera zilikuwa zimesogea. Bendi ilikuwa imenyamaza.

"Mwananchi huyu anataka nini?" Mheshimiwa Domitila aliuliza polepole.

Dokta aliinua uso. Aliwatazama watu wadogo weupe ng'ambo ya bonde. Wakati huo wote hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemfunga macho, na safari ya kwenda kule ingekuwa ya kuteremka tu.

"Amepotea njia, Mheshimiwa," alisema. "Anatafuta msiba mwingine."

Mama Sikujua aliuondoa mkono wake mgongoni. Alimtazama kitambo, kisha akatazama sanduku la mninga, maua, bendi, na kitambaa cha waridi. Alikuwa amelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri akijikuta msibani haondoki hivi hivi. Alijifungua khanga ya kiunoni, akajitanda kichwani, akanyoosha mkono.

"Basi pole kwa kufiwa, Mheshimiwa," alisema.

Dokta Teofili aliupokea kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa na kuitikia kama inavyompasa mfiwa:

"Asante, mama. Tumeshapoa."